Kuruhusu Tovuti Bila Kufungua Mtandao Wote

Ukuta wa moto (firewall) unaolinda mtandao wa shule au ofisi, ukisanidiwa ipasavyo, hukataa mawasiliano yote ambayo hayakutajwa katika kanuni zake. Tovuti zikigoma kufunguka, wasimamizi wengi huandika kanuni moja inayoruhusu chochote kutoka popote kwenda popote. Tovuti hufunguka, lakini ulinzi nao huwa umekwisha.

Kusoma tovuti hakuhitaji upana huo. Tovuti nyingi za leo hutumia mlango (port, yaani namba inayotenganisha huduma za mtandao) namba 443 wa TCP, itifaki inayohakikisha data zimefika; hapo data husafiri zikiwa zimesimbwa, na mlango namba 80 hubaki kwa zile zinazompokea mgeni hapo kwanza kabla ya kumwelekeza 443. Unaosahaulika mno ni mlango namba 53, wa UDP (itifaki nyepesi isiyosubiri uthibitisho) na wa TCP pia, ambao kompyuta huutumia kuuliza anwani ya IP, yaani namba ya seva mtandaoni, ya jina la tovuti. Huo ukifungwa, kivinjari hudai kwamba tovuti haipatikani ilhali 443 uko wazi, na msimamizi hutafuta kosa mahali lisipokuwapo. Maulizo hayo yaelekezwe kwenye seva za majina zinazoaminika tu.

Kanuni hizi zote ni za kutoka ndani kwenda nje. Kuta za moto za kisasa hukumbuka mazungumzo yaliyoanzishwa na kompyuta ya ndani na kuyapitisha majibu yake, kwa hiyo anayefungua 443 kuingia ndani ili kurasa zipate kurudi anajihatarisha bure, maana mlango huo unahitajika pale tu ofisi inapoendesha seva ya tovuti yake yenyewe.

Mpangilio nao una uzito. Katika vifaa vingi, kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo hutekelezwa. Ya kuruhusu ikiwekwa chini ya ile ya kukataa yote, haitafikiwa kamwe.

Shule zinazochuja tovuti zizingatie pia HTTP/3, kiwango cha mawasiliano kati ya vivinjari na tovuti kilichochapishwa mwaka 2022, kinachotumia mlango 443 wa UDP. Kichujio kinachokagua TCP pekee hakiyaoni mawasiliano hayo. Kuuzuia mlango huo kwa kawaida hakukatizi huduma, kwa kuwa vivinjari hurudi kwenye TCP.

Baada ya kusanidi, jaribu kwanza kwenye kompyuta amri ya nslookup, inayouliza anwani ya jina, pamoja na jina la tovuti, kisha ifungue tovuti yenyewe. Jina likikosa jibu, kagua mlango 53. Likijibiwa na ukurasa usifunguke, soma kumbukumbu za ukuta wa moto uone ni kanuni ipi iliyokataa.