Usipoonekana kwenye ramani, usiilaumu redio kwanza

Wengi wanaotumia APRS, mfumo wa redio za ridhaa wa kutangaza mahali ulipo na ujumbe mfupi, huamini kwamba mahali pao pasipoonekana kwenye ramani ya intaneti, redio ni mbovu. Sivyo. Redio hurusha pakiti fupi hewani, biti 1200 kwa sekunde, na ramani huipata pale tu kituo cha lango, yaani kinachopokea pakiti hewani na kuzipeleka intaneti, kinapoinasa nzima. Biti moja ikiharibika, pakiti yote hutupwa, na hakuna anayeomba irudiwe.

Hakikisha kwanza masafa: 144.390 MHz Amerika Kaskazini, 144.800 Ulaya. Kisha weka redio ya pili karibu. Ikisoma alama yako ya wito (jina la kituo chako hewani), urushaji wako ni mzima. Isiposoma, punguza sauti inayotoka kwenye modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ya kurushwa. Hapa ndipo wengi hukwama: sauti ikizidi, masikioni husikika safi kabisa, ilhali vilele vya mawimbi vimekatwa na kisimbuzi, kinachogeuza sauti kuwa data tena, hakiambulii kitu.

Njia, yaani maagizo ndani ya pakiti ya mara ngapi vituo vingine viirudie hewani, ikiwa WIDE1-1,WIDE2-1 inalitosha gari. Kuongeza miruko (marudio hayo) hujaza masafa tu, pakiti zikagongana. Ukiweka kwenye njia hiyo NOGATE au RFONLY, maneno ya kuzuia pakiti isipelekwe intaneti, lango litakuacha kwa makusudi.

Tena, lango la kupokea tu litakuonyesha ramanini, lakini jibu la ujumbe wako halitarudi hewani kupitia hapo.