Merikebu, si tuta, ndizo zilizoiangusha Tiro

Ukiuliza Aleksanda Mkuu, mfalme wa Makedonia, aliutekaje mji wa Tiro, wengi watakujibu bila kusita: alijenga njia baharini. Njia aliijenga kweli, lakini isingetosha.

Tiro, katika Lebanoni ya leo, ulikuwa mji wa Wafoinike juu ya kisiwa kilichokuwa kiasi cha mita 800 kutoka bara. Ukuta wake wa upande wa bara, asema mwanahistoria Arriano, ulipanda futi 150. Nebukadneza wa Babeli aliwahi kuuhusuru, inasimuliwa kwa miaka 13.

Aleksanda alifika mwanzoni mwa mwaka 332 KK, akitoka kumshinda Dario, mfalme wa Waajemi, vitani pale Issus. Aliomba kuingia mjini amtolee sadaka Melkarti, mungu wa Tiro ambaye Wagiriki walimwita Herakle. Watu wa Tiro wakakataa. Mwajemi asiingie, Mmakedonia naye asiingie. Hapakuwa na mjinga kati yao: mfalme mwenye jeshi haji kusali tu.

Basi akaanza kujaza bahari. Mawe yalitoka kwenye magofu ya Tiro ya Kale, iliyokuwa bara, na miti ikatoka milima ya Lebanoni. Karibu na pwani kazi ilikwenda vizuri kwa kuwa maji yalikuwa ya kina kifupi. Karibu na kisiwa kina kiliongezeka, na mishale nayo. Wamakedonia wakasimamisha minara miwili ya mbao mwishoni mwa tuta, wakaifunika kwa ngozi isishike moto.

Jibu la Tiro lilikuwa la mabaharia. Walichukua chombo cha kubebea farasi, wakakijaza vijiti vikavu, lami na salfa, wakatundika kwenye foromali, ule mti wa kufungia tanga, masufuria ya vitu vya kuchochea moto. Tezi, yaani nyuma ya chombo, wakaitia uzito ili omo, yaani mbele, inyanyuke juu, ipande tuta. Wakangoja upepo, wakakivuta, wakakitia moto. Minara ikateketea. Binafsi naona hapo ndipo Tiro ilipokuwa karibu kabisa kushinda.

Kilichobadili mambo kilitokea kwingine. Sidoni, Biblo na Arado, miji mingine ya Wafoinike, zilikwisha kuwa mikononi mwa Aleksanda, na wafalme wa Biblo na Arado waliokuwa baharini pamoja na Waajemi wakajiunga naye, pamoja na merikebu za Sidoni, zote kama 80. Kipro ikaleta 120. Tiro, iliyozoea kuitawala bahari, ikajikuta imefungiwa katika bandari zake mbili. Wapiga mbizi wake walikata amari, yaani kamba za nanga, za adui chini ya maji. Wamakedonia wakabadili, wakatia minyororo.

Magogo ya kubomolea kuta yakapakiwa merikebuni, yakazungushwa kutafuta mahali dhaifu, na ukuta ukatobolewa upande wa kusini. Mji ukaanguka kiangazi hicho, baada ya miezi saba. Arriano anataja watu wa Tiro 8,000 waliouawa na kama 30,000 waliouzwa utumwani. Mfalme Azemilko, aliyekimbilia hekalu la Melkarti, alisamehewa.

Tuta lenyewe lilibaki. Likazuia mikondo ya maji, mchanga ukajikusanya pande zote mbili, kisiwa kikaungana na bara. Wataalamu waliochunguza udongo wa hapo wameonyesha kwamba tayari kulikuwa na fungu la mchanga chini ya maji kabla ya Aleksanda, jambo lililomrahisishia kazi. Leo mji wa Sur, ndilo jina la sasa la Tiro, umejengwa juu yake, na sehemu ya bandari ya kale ya kaskazini imefukiwa chini ya nyumba za watu.