Jeni zimefanana, sawa, lakini dawa usiache!

Wiki hii tena. Kijana wa watu kapandikizwa figo la dadake, akaambiwa jeni zao zimefanana, akaona basi dawa za kushusha kinga za nini tena, akaacha. Kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo linatakiwa kuutoa, imepanda ndio analetwa. Nashughulika na wagonjwa wa figo hapa Malindi na hili neno nalisikia kwa wagonjwa, kwa mama zao, mpaka kwa wenzetu wa hospitali ambao walitakiwa wajue.

Jamani, mlichopimwa kabla ya operesheni ni HLA, zile jeni za kromosomu ya 6 ambazo kinga inazitumia kutambua kilicho chako na kigeni, unarithi fungu moja kwa babako na jengine kwa mamako. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja, nafasi ya kufanana mafungu yote mawili ni moja kwa nne, na moja kwa nne nyengine hamfanani hata fungu moja ingawa mmenyonya ziwa moja. Na mkifanana HLA zote bado ziko jeni nyingi nje ya HLA ambazo kinga inaziona ngeni. Wale ndugu wa Boston waliopeana figo mwaka 1954 walikuwa mapacha wa yai moja, ndio maana figo lilikaa bila dawa za kushusha kinga. Wewe na dadako si mapacha wa yai moja.

Linaloniudhi zaidi ni hili la mama. Mtu anakwambia mwanangu ni damu yangu, grupu ya damu ni moja, mnatupimia nini tena? Mama, huyo mwanao nusu ya HLA zake ni za babake, na ulipokuwa na mimba yake kinga yako ilikutana nazo, kuna wanawake wanatengeneza kingamwili hapo na kumbukumbu yake inakaa miaka na miaka, kwa hivyo figo la mwanao au la mumeo linaweza kukataliwa mara moja kuliko la mtu baki kabisa. Grupu ya damu haikuonyeshi hayo. Na kila ukiongezewa damu wakati uko kwenye dayalisisi unaingiziwa HLA za mtu mwengine. Ndio tunafanya krosimachi, tunachanganya seramu yako (maji ya damu yenye kingamwili) na seli za mtoaji tuone kama utazishambulia, na ukiongezewa damu baada ya hapo tunairudia, usinune.

Sasa kuna hivi vipimo vipya ambavyo watu wanaviona WhatsApp, "kipimo cha jeni kinachotabiri figo kukataliwa". Hivyo si HLA. HLA haibadiliki mpaka unazikwa, hivi vinapima RNA, yaani jeni zipi za kinga zimewaka saa hii. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulipima kwenye mkojo RNA ya CD3ε na IP-10, jeni mbili za kinga, pamoja na 18S ya kulinganishia, ikawa inapanda siku kadhaa kabla ya biopsi, kile kipande cha figo kinachokatwa kupimwa, kuonyesha shida, na hiyo ni habari kubwa kwa sababu kreatinini ikipanda figo limeshaumia. Lakini kile cha damu cha jeni 17, kSORT, 2014 kilisifiwa sana, walipokuja kukijaribu kwa wagonjwa wengi wa kawaida kikaanguka. Na maambukizi ya mkojo au virusi vya BK vinavyoshambulia figo lililopandikizwa pia vinawasha kinga, kwa hivyo majibu yakiwa mabaya bado biopsi iko pale pale. Mimi nayaamini zaidi yakiwa mazuri. Ile mipaka ya namba nayo imewekwa kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani na siichukui hivi hivi kwa watu wa pwani, halafu RNA ya mkojo inaharibika haraka, itoe Lamu kwa boti mpaka Mokowe, barabara mpaka Mombasa, uone kitakachofika.

Jeni ambayo ningependa kila mgonjwa wangu apimwe ni CYP3A5. Waafrika wengi wanayo ile inayofanya kazi, inavunja takrolimasi, dawa yenu ya kushusha kinga, upesi, kwa hivyo dozi yako inaweza kuwa kubwa kuliko ya mwenzako mliyelazwa naye India na si makosa ya daktari, usijipunguzie. Na nyinyi wa Lamu mnaomeza alfajiri kabla ya boti halafu mnatolewa damu saa nne, namba ya takrolimasi kwenye damu inatoka juu kwa uongo, dozi inapunguzwa, figo linabaki bila ulinzi. Siku ya kipimo dawa ya asubuhi ibebe mkobani, utolewe damu kwanza, masaa 12 tangu ile ya usiku, ndio umeze.