Mtoto mdogo katika matembezi marefu ya baridi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Familia za Afrika Mashariki zinazohamia Norway hukutana mapema na desturi ya wenyeji ya kutembea msituni kila Jumapili, theluji iwepo isiwepo, na watoto wadogo wakiwamo. Wengi hukataa kwa kuamini kwamba baridi humletea mtoto nimonia. Ukweli ni kwamba mafua husababishwa na virusi, na nimonia na virusi au bakteria, navyo huenea kwa urahisi zaidi watu wanapobanana ndani, madirisha yakiwa yamefungwa. Hatari ya baridi ni nyingine: kushuka kwa joto la mwili, na kuganda kwa ngozi ya vidole, masikio na mashavu.

Dhana inayodhuru zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kwamba mtoto aliyebebwa hupata joto la anayembeba. Kwa mtoto aliyefungwa kifuani, ndani ya koti la mama, hilo ni kweli. Ila katika kiti cha mgongoni chenye fremu, mtoto huketi mbali na mwili wa mzazi, upepo ukimpiga, miguu ikining'inia na mikanda ikibana mapaja, wala hatumii misuli yake hata kidogo. Baba anayepanda kilima hutokwa jasho, akafungua zipu na kudhani hali ni nzuri kwa wote wawili, ilhali mtoto hupoteza joto upesi kuliko yeye, kwa kuwa eneo la ngozi yake ni kubwa likilinganishwa na uzito wake. Kipimo kizuri ni kuingiza vidole chini ya kola, kisogoni: pakiwa na joto na pakavu, endeleeni, pakiwa na unyevu, amevishwa kupita kiasi, pakiwa pa baridi, simameni mumpashe joto. Kila baada ya muda ateremshwe, atembee na anywe kitu cha uvuguvugu.

Wala mtoto akinyamaza, msiseme ametulia. Kulegea na kusinzia saa isiyo ya kawaida yake huweza kuwa dalili ya joto la mwili kushuka, na kukosekana kwa mtetemeko si uthibitisho wa usalama, maana watoto wachanga hawatetemeki kama watu wazima.

Kuhusu mavazi, wingi si hoja. Fulana ya pamba ikilowa jasho hubaki na unyevu mwilini, wakati sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevunyevu; na soksi mbili ndani ya buti linalobana huzidisha baridi.

Kipimajoto nacho hakisemi yote: nyuzi 10 chini ya sifuri, pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Jua la theluji pia huunguza, kwani theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno.

Mwisho, wapo wanaoona kurudi njiani ni aibu. Kanuni za milimani za Norway, zinazotolewa na Msalaba Mwekundu na chama cha wapanda milima cha nchi hiyo, zinasema wazi kwamba kugeuka mapema si aibu. Desemba, mchana wa Oslo huwa wa saa 6 hivi. Kwa hiyo ni afadhali kuchagua njia ya kwenda na kurudi kuliko ya mzunguko, ambayo ukishapita nusu yake, kugeuka hakupunguzi safari.