Pembe ya ayala na mguu wa mzee wa Urambo

Chupa ya vidonge ilitoka kwenye mfuko wa rambo pamoja na kadi ya kliniki. Mwenyewe ni mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, anaishi na sukari mwaka wa 11 sasa, na chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia ana kidonda cha miezi 4. Kijana wake aliyeko Dar ndiye aliyemtumia. Kwenye lebo kuna mnyama mwenye pembe zilizochanua kama mti.

"Daktari, wanasema inaotesha mishipa ya damu. Nimeze au nipakae?"

Swali zuri kuliko mzee alivyodhani, maana aliyeandika lebo hakuzua kila kitu.

Huku Tabora pembe tunazijua: za pofu, za korongo, za palahala wa Ugalla. Hizo ni mfupa uliovikwa ganda gumu la jamii ya kucha, na mnyama hufa nazo. Huyu wa kwenye chupa ni ayala, yule wa Zaburi ya 42, ambaye porini kwetu hayupo kabisa. Pembe yake ni mfupa wenyewe. Kila mwaka hudondoka, na nyingine huota kutoka kwenye kishina kilichobaki. Ikiwa changa hufunikwa na ngozi yenye vinyweleo laini kama mahameli, iliyojaa mishipa ya damu hata ukiigusa ina joto. Kwa ayala wakubwa huweza kurefuka kama sentimita 2 kwa siku. Mfupa unaokimbia hivyo lazima ulishwe, kwa hiyo seli za kwenye ncha humwaga protini za kuita mishipa, mojawapo ikiitwa VEGF. Na pale pembe ya zamani ilipodondokea hubaki jeraha bichi, ambalo ngozi hulifunika upesi, karibu bila kovu. Kwa mtu anayeshinda akifunga vidonda kama mimi, hilo linatia wivu.

Wachina wanaitumia tangu kale wakiiita lurong, na leo New Zealand hufuga ayala na kuuza pembe hizo changa China na Korea. Maabara nazo zimejaribu. Rojo lililokamuliwa humo, likiwekwa kwenye seli za mishipa ya damu, huzifanya ziongezeke. Panya waliopakwa, hata wenye sukari, wamefunga majeraha mapema zaidi. Lakini panya ana msuli mwembamba chini ya ngozi unaovuta jeraha na kulifumba kama mdomo wa kiroba. Mguu wa binadamu hauna msuli huo. Kidonda chetu hujaa nyama mpya kutoka chini, kidogo kidogo, ndipo ngozi itambae juu yake.

Halafu vidonge vile ni vya kumeza. Tumbo haliulizi protini imetoka kwenye pembe au kwenye mgebuka wa Kigoma. Zote hukatwakatwa vilevile.

Tena kuotesha mishipa si jambo la kushangilia popote. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alieleza mwaka 1971 kwamba uvimbe wa saratani huita mishipa ili ujilishe. Kwa mgonjwa wa sukari, mishipa dhaifu huweza kuota ndani ya jicho, upande wa nyuma, ikapasuka na kumtia upofu. Wenzangu wa macho huchoma sindano ndani ya jicho kuizuia VEGF hiyohiyo. Ayala ana breki yake: msimu ukiisha, homoni ya kiume hupanda, mishipa hufunga, ngozi hukauka naye huisugua kwenye miti mpaka itoke.

Nikamwambia mzee avue kandambili.

Nilibonyeza mgongo wa mguu, mshipa ukapiga vizuri, tena kwa nguvu. Damu ilikuwa inafika. Nikaingiza kijiti cha chuma kidondani, hakikugonga mfupa, nikashusha pumzi. Pembeni palikuwa na sugu nene, ngumu kama ganda la ukwaju. Niliichonga kwa kisu cha upasuaji huku mzee akinisimulia bei ya tumbaku bila kukunja uso, kwa sababu mguu ule una ganzi. Kisha nikaigeuza kandambili: imelika shimo mahali palepale penye kidonda. Miezi 4 alikuwa anakikanyaga kila hatua.

Dawa ya hapo ni kuondoa mzigo. Inayofaa zaidi ni gipsi inayokumbatia unyayo wote mpaka chini ya goti, ambayo siku hiyo hatukuwa nayo, basi tukakata sponji nene, tukaitoboa tundu usawa wa kidonda na kuifunga unyayoni. Tukaoshea maji ya chumvi ya dripu. Dozi ya sukari tukaipanga upya. Akauliza kuhusu asali, kama kila mtu wa Tabora. Nikamwambia asali ina ushahidi mzuri kwa majeraha ya moto yasiyozama, ila ile ya vidonda huuawa vijidudu kwa mionzi kwanza, siyo ya kuchota kwenye dumu.

Wiki ya 6 kidonda kilichokuwa na upana wa sarafu ya 200 kilikuwa kama punje ya haragwe. Chupa alikuja nayo tena. Vidonge alishavimwaga, ndani kaweka ugoro. Ikabidi tuanze ugomvi mpya, maana nikotini hubana mishipa ya damu.