Sasisho likisimama kukuuliza: faili la usanidi ni lako au la kifurushi?

Simu nyingi ninazopokea usiku wa kupandisha matoleo ya seva hazihusu programu iliyokataa kusakinika. Zinahusu swali. Vifurushi vimepakuliwa, mistari inateremka kwenye skrini bila shida, halafu kazi yote inasimama: faili fulani la usanidi, yaani la maagizo ya namna programu ifanye kazi, limebadilishwa tangu liliposakinishwa, kifurushi kipya nacho kimekuja na faili lake, wewe unataka lipi? "Mkuu, nibonyeze Y, nichukue jipya, au N, nibaki na langu?" Nami huuliza: "Umeshabonyeza D?" Mara nyingi hufuata kimya kifupi. Herufi hiyo, inayoonyesha tofauti kati ya mafaili mawili, ndiyo inayorukwa mara kwa mara kuliko zote.

Nafanya kazi katika kitengo cha mifumo, na kupandisha matoleo ni kazi yetu ya kila mwezi. Ninachotaka kieleweke ni kwamba swali lile halina majibu mawili. "Acha langu" na "chukua jipya" zote ni njia za kuiahirisha kazi yenyewe, ambayo ni kusoma mafaili yote mawili na kupata moja linalofaa toleo jipya.

Kwanza, mfumo unajuaje kwamba umeligusa faili? Kwenye mifumo ya Linux ya Debian, Ubuntu na jamaa zao, dpkg, chombo kinachosakinisha vifurushi, hutunza hashi ya MD5 (alama fupi inayokokotolewa kutokana na kilichomo) ya kila faili la usanidi kama lilivyokuja ndani ya kifurushi. Hashi hizo zimo katika /var/lib/dpkg/status. Siku ya kupandisha toleo hulinganisha vitu vitatu: faili kama lilivyokuja zamani, faili lililopo sasa kwenye diski, na faili linaloingia. Kama hukuligusa, jipya huwekwa kimyakimya. Kama umeligusa lakini watunza kifurushi hawakubadilisha la kwao, lako huachwa, nalo bila swali. Utaulizwa pale tu ambapo pande zote mbili zimebadilisha. Kwa hiyo swali lile lenyewe ni habari: upande wa pili kuna mtu aliyeona sababu ya kuandika upya faili hilo. Huenda amesahihisha tahajia tu kwenye maelezo. Huenda amefuta kigezo unachokitegemea. Huwezi kujua bila kusoma.

Hata kufuta kwako huheshimiwa. Ukiliondoa faili la usanidi kwa mkono, dpkg hulichukulia kama uamuzi wako na haitalirudisha kwa kupandisha toleo, mpaka uiambie kwa --force-confmiss. Nimekuta watu wakisakinisha kifurushi kilekile mara tatu wakisubiri faili walilolifuta kwa bahati mbaya lijitokeze tena.

Ukibonyeza Enter bila kuchagua herufi, dpkg huchukua N. Faili lako linabaki kazini, na lile jipya linawekwa kando yake likiwa na mkia .dpkg-dist. Ukibonyeza Y, jipya linashika nafasi, na lako linahifadhiwa kwa mkia .dpkg-old. Z hukufungulia terminali ukachunguze. Ukitoka, swali linakusubiri palepale. Vifurushi vingine hutumia chombo kiitwacho ucf, ambacho huuliza kwa menyu na kuacha mikia ya .ucf-dist na .ucf-old. Seva ya OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali (sshd), ni mojawapo kwenye Debian na Ubuntu.

Na ni OpenSSH iliyonifundisha uzito wa kukubali jipya bila kusoma. Nilikuwa napandisha seva iliyo mbali, katika jengo ambalo usiku halina mtu. SSH ilikuwa inasikiliza poti 2222 badala ya 22, na ukuta wa moto uliruhusu 2222 peke yake. Swali la sshd_config lilipokuja nikachagua faili la watunza kifurushi, nikiamini kwamba jipya lazima liwe bora. Huduma ikawashwa upya, ikarudi poti 22. Dirisha langu halikukatika, maana muunganisho uliokwisha funguliwa hauvunjiki sshd inapowashwa upya, basi nikaona mambo ni salama, nikatoka. Nilipojaribu kuingia tena hapakuwa na jibu. Huduma mbili nilizokuwa nimezizima kwa ajili ya matengenezo zikalala mpaka asubuhi, mtu alipofika kukaa mbele ya mashine, na watu waliozitegemea wakakosa usiku mzima wa kazi. Faili langu la zamani lilikuwepo muda wote, sshd_config.ucf-old, zima kabisa, katika seva nisiyoweza kuifikia.

Tangu hapo sifungi dirisha la kwanza kabla sijaingia kupitia la pili. Namsihi kila ninayefanya naye kazi afanye vivyo hivyo, hata kama mabadiliko ni ya mstari mmoja.

Hatari ya N ni nyingine, na kwa kuwa huja polepole watu huidharau. Faili lako la zamani linaendelea kutumika huku programu iliyo chini yake imebadilika. Apache, programu ya kuhudumia tovuti, ilipotoka 2.2 kwenda 2.4, namna ya kuandika ruhusa kwa Order na Allow ilibadilishwa kwa Require, na waliobeba mafaili yao kama yalivyo walikuta tovuti zimekataa kuwaka au zinawafungia wageni. Dovecot 2.4, seva ya barua pepe, haikubali usanidi wa 2.3, inataka hata mstari wa dovecot_config_version mwanzoni mwa faili. Hizo angalau hupiga kelele. Linaloniogopesha zaidi ni faili linalobaki bila kusomwa na yeyote. Katika Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, systemd-sysctl, inayoweka mipangilio ya kiini cha mfumo mashine inapowaka, haisomi tena /etc/sysctl.conf. Faili lako bado lipo, mistari yako yote imo, ukilifungua unaridhika, na mashine ikiwashwa upya hakuna hata mstari mmoja unaofanya kazi. Dawa yake ni kuhamishia mistari hiyo kwenye faili lenye jina linaloishia na .conf ndani ya /etc/sysctl.d, lakini utajuaje kama hukusoma maelezo ya toleo?

Upo pia upande wa usalama. OpenSSH 7.0, mwaka 2015, ilibadilisha chaguo-msingi ili root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, asiingie kwa nenosiri. Aliyekuwa na mstari wa PermitRootLogin yes ulioandikwa wazi katika faili lake, akabonyeza N, alibaki na mlango uleule wazi. Kinga mpya haikumfikia, ingawa alama ya toleo ilisema amesasisha.

Basi tuitazame D kwa karibu (kwenye menyu ya ucf ni chaguo la kuonyesha tofauti). Tuseme imekuonyesha hivi kuhusu sshd_config:

-Port 2222
+#Port 22
-PermitRootLogin no
+#PermitRootLogin prohibit-password
-ChallengeResponseAuthentication no
+KbdInteractiveAuthentication no

Alama ya kutoa ni kilichomo katika faili lako, ya kujumlisha ni kinacholetwa. Jozi mbili za kwanza ni maamuzi yako: poti uliyoichagua, na marufuku ya root. Hizo zinabaki zako, na anayebonyeza Y anazipoteza zote mbili. Jozi ya tatu si yako hata kidogo. Hukuuandika mstari ule. Ulikuja na kifurushi zamani, na sasa watunza kifurushi wameupa jina jipya linalotumika. Jina la zamani bado linaeleweka na OpenSSH, kwa hiyo usiku huu hakuna kitakachovunjika, lakini hakuna sababu ya kulibeba tena. Faili sahihi hapa ni jipya pamoja na mistari yako miwili. Y wala N haikupi faili hilo. Utaliandika wewe, na ni kazi ya dakika mbili.

Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: ukishindwa kueleza kwa nini mstari fulani umo katika faili lako, tatizo lilianza siku ulipouandika bila maelezo. Andika juu yake nani aliutaka na kwa sababu gani. Atakayepandisha toleo miaka miwili ijayo huenda asiwe wewe.

Si kila mfumo unauliza, na wasiouliza wanahitaji jicho kali zaidi. RPM, msakinishaji wa vifurushi kwenye Fedora na jamaa zake, huamua yenyewe kwa kufuata alama aliyoweka mtengeneza kifurushi. Ukikuta .rpmnew, faili lako ndilo linalotumika na jipya linakungoja. Ukikuta .rpmsave, mambo yamegeuka: lako limewekwa pembeni na la kifurushi ndilo lililo kazini. Ya kwanza inaweza kusubiri kesho asubuhi, ya pili huenda imeshabadilisha huduma unapoisoma. Arch huacha .pacnew, Alpine .apk-new, na Gentoo hutanguliza ._cfg0000_ kwenye jina la faili. Amri moja hutosha kukusanya masalia ya mifumo mikubwa:

find /etc -name '*.dpkg-dist' -o -name '*.dpkg-old' -o -name '*.ucf-dist' -o -name '*.ucf-old' -o -name '*.rpmnew' -o -name '*.rpmsave' -o -name '*.pacnew'

Ukiiendesha kwa mara ya kwanza kwenye seva uliyoirithi, jiandae kuona orodha ndefu. Zipo zana za kukusaidia kuunganisha: rpmconf kwa Fedora, pacdiff kwa Arch, dispatch-conf kwa Gentoo. Onyo moja tu, na nalisema kwa mkazo: ukikuta passwd.pacnew au shadow.pacnew, usibadilishane nalo hata kidogo. Faili hilo lina watumiaji wa mfumo mtupu, na kuliweka mahali pa lako ni kuwafuta watu wako wote.

Njia bora ya kukwepa mgongano ni kuliacha faili la kifurushi bila kuligusa. Programu nyingi sasa zina saraka ya vipande, unamoweka mafaili yako madogo yanayosomwa pamoja na faili kuu: /etc/sudoers.d, /etc/sysctl.d, saraka za systemd zenye jina linaloishia na .d, na kuanzia OpenSSH 8.2, uwezo wa kuandika Include, agizo la kusoma mafaili mengine, ambao Debian huutumia kusoma /etc/ssh/sshd_config.d. Weka mistari yako miwili katika 10-yetu.conf humo, acha sshd_config kama lilivyokuja, na toleo lijalo hakutakuwa na la kukuuliza.

Lakini jifunze mpangilio wa kila programu, kwa sababu haufanani. Kwenye systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, kipande kinachosomwa mwisho ndicho kinachoshinda. Kwenye sshd ni kinyume: thamani ya kwanza kusomwa ndiyo inayoshika, zinazofuata hupuuzwa. Mtu aliyezoea systemd ataita faili lake 99-yetu.conf akidhani lina neno la mwisho, kumbe faili linaloanza na 50 limeshaamua. Usikisie. sshd -T hukuonyesha usanidi ulivyo baada ya vipande vyote kusomwa. Majina nayo yana mtego: sudo hupuuza faili lolote la sudoers.d lenye nukta katika jina, ilhali nginx ya Debian husoma kila kitu kilichomo katika sites-enabled, pamoja na ile nakala ya default.bak uliyoiacha humo kwa haraka.

Kabla ya kuwasha huduma upya, ipime: sshd -t, nginx -t, apachectl configtest, visudo -c, named-checkconf. Hakuna inayochukua hata nusu dakika. Na kabla ya hayo yote, weka /etc katika git, chombo cha kutunza historia ya mafaili. Etckeeper hulifanya hilo yenyewe na hurekodi hali kabla na baada ya apt kufanya kazi, kwa hiyo unaweza kuona kilichobadilika, lini, na pamoja na kifurushi gani. Hazina hiyo ina manenosiri na funguo ndani yake, basi isomwe na root peke yake wala isipelekwe kwenye hazina ya wazi.

Kwa wanaosasisha bila mtu kukaa mbele ya skrini: DEBIAN_FRONTEND=noninteractive hunyamazisha maswali ya debconf, chombo cha vifurushi cha kuuliza maswali ya usanidi, haigusi swali la dpkg. Kwa hilo unahitaji --force-confdef pamoja na --force-confold, maana yake fuata uamuzi wa kawaida, na pasipo nao acha langu. Na unattended-upgrades, chombo cha kusasisha bila mtu, kama hukuipa chaguo hizo, ikiona kifurushi kitaleta swali hukiruka na kukiacha kwa mtu akipandishe kwa mkono. Seva inaonekana inajisasisha kila usiku, kumbe kifurushi kimoja chenye marekebisho ya usalama kimekwama kwa wiki kadhaa, na habari yake imeandikwa kwenye logi isiyofunguliwa. Ifungueni logi hiyo.

Mwisho wa kazi, baada ya kuunganisha na kupima, nafuta mikia yote, .dpkg-old ikiwemo, kwa kuwa mara nyingi ina nenosiri la hifadhidata ambalo bado ni hai. Kisha naendesha find ileile tena. Isipochapisha chochote ndipo naandika kwenye daftari letu kwamba seva hiyo imepandishwa toleo.