Usiku wa kwanza jukwaani Mombasa: yasemwayo na yaliyopo

Mwaka jana tulifungua mchezo wa muziki hapa Mombasa, nami nikacheza mama wa mvuvi aliyepotelea baharini. Tangu matangazo yabandikwe Mwembe Tayari hadi jioni yenyewe, nilielezwa mambo kuhusu kazi yangu ambayo mimi mwenyewe nilikuwa siyajui. Mengi yalitoka kwa watu wanipendao, ndiyo maana sikubishana nao wakati ule. Nabishana sasa.

"Leo ndiyo mnaanza."

Hayo ni ya shangazi yangu wa Kibokoni, aliyenishika mkono mlangoni kana kwamba naolewa. Ukweli ni kwamba usiku wa ufunguzi kazi imeshazeeka. Tulikuwa na wiki sita za mazoezi, kila jioni watu wakitoka kazini, kwenye ukumbi wa kukodi kwa saa. Kisha ikaja siku ya kukutana na bendi. Siku hiyo waimbaji hukaa vitini, hakuna kucheza wala kutembea, ni kusikilizana tu. Watu wa opera huiita kwa Kijerumani, Sitzprobe. Mpaka hapo nilikuwa nimezoea kinanda kimoja. Walipoingia fidla, bezi na ngoma, ubeti mzima ulinitoka kichwani.

Baada ya hapo ni siku za mafundi, ambazo hakuna mtazamaji anayezifikiria. Unasimama pale unapoambiwa usimame, fundi wa taa anahangaika juu ya ngazi, na wewe unarudia hatua tatu zilezile mara ishirini mpaka taa ikujue uso. Majumba makubwa ya New York huongeza jambo moja: wiki kadhaa za maonyesho ya awali, tiketi zikiuzwa kama kawaida, huku nyimbo zikikatwa na mistari ikibadilishwa usiku hadi usiku. Wahakiki wa magazeti wengi huja katika siku za mwisho za kipindi hicho, kwa hiyo usiku rasmi ukifika, hukumu imeshaandikwa, inangoja saa yake ya kutoka. Sisi hatukuwa na fedha za wiki kadhaa. Tuliwaalika majirani jioni moja, wakatuambia bila haya kwamba sehemu ya pili inachosha, tukaipunguza.

"Maikrofoni ipo, sauti ya nini?"

Maikrofoni hukuza ulicho nacho. Kama pumzi huna, ukumbi mzima utasikia kwamba huna.

Tena chombo chenyewe hakiupendi mji wetu. Ile maikrofoni ndogo hufichwa kwenye paji la uso, nywele zinapoanzia, na waya wake hushuka mgongoni mpaka kwenye kisanduku kilichofungwa kiunoni. Wakati wa kaskazi, chini ya taa, ndani ya buibui na kanga mbili, jasho humfikia fundi wa sauti kabla halijamfikia mtazamaji: sauti inakwaruza, inakatika, inakufa. Dawa yake mafundi wa sauti wanaijua siku nyingi, nayo ni kukivisha kile kisanduku kondomu isiyo na mafuta. Kijana wetu mdogo wa jukwaa ndiye aliyetumwa dukani kununua pakiti nne, saa tisa mchana. Mwenye duka alimtazama sana.

"Koo likichoka, nong'ona. Na kunywa maji kabla hujatoka."

Kunong'ona hakupumzishi koo, hasa kule kwa kujikamua ili usikike. Kimya ndicho kipumzishacho. Na maji ukiyanywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti. Yakipita huko utapaliwa. Yanakwenda tumboni, na mwili ndio uzitiao nyuzi hizo unyevu polepole, kwa hiyo glasi ya dakika ya mwisho inakulowesha mdomo tu. Maji ya kukusaidia usiku ni yale ya asubuhi. Hebu fikiria kazi yenyewe: noti ya la, ile ambayo wanamuziki hupimia ala zao, ni mitetemo 440 kwa sekunde. Ukiiimba, nyuzi zako zinagongana mara hizo zote, kila sekunde. Tangawizi ya shangazi niliinywa kwa heshima.

"Mazoezi ya mwisho yakiharibika, ufunguzi utafana."

Yetu yaliharibika kwa sababu pazia lilikwama. Usiku wa ufunguzi likakwama tena.

"Mambo haya ni ya Wazungu."

Aliyesema hivi ni mzee mmoja wa barazani, na ningemtaka radhi kwa kumkumbusha mama yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kina mama wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, Banu Saada na Ibinaal Watan vikiwa maarufu kuliko vingine, na walishindana kwa sare, kwa mpangilio wa ngoma na kwa nyimbo za kuwachoma wapinzani. Wanaume nao walikuwa na beni, na sare za kijeshi za kuigiza, na vyeo, na tarumbeta. Makundi yao, Kingi na Skochi, yaliugawanya mji huu kama mpira unavyougawanya leo. Hadithi, wimbo, mavazi, mchezo, na watazamaji wenye upande wao, vyote hivyo vilikuwepo. Kilichokuja kutoka nje ni kukaa kimya kwenye viti vilivyopangwa safu, na tiketi yenye namba. Nitarudi kwenye huo ukimya.

"Mkishafungua, mmeshatajirika."

Mwaka 1988 Broadway, yaani yale majumba makubwa ya New York, ilifungua michezo miwili ya muziki iliyosubiriwa sana. The Phantom of the Opera ilifunguliwa Januari na ikaendelea hadi Aprili 2023, maonyesho 13,981. Carrie ilifunguliwa Mei, ikafungwa baada ya maonyesho matano, na zaidi ya dola milioni saba zikaenda na maji. Yote miwili ilikuwa na usiku wa ufunguzi, maua na picha. Sisi tulicheza usiku mbili, Ijumaa na Jumamosi. Nililipwa nauli na kiasi kingine ambacho nisingependa shangazi akijue.

"Watu wa Mombasa hawajui kukaa thieta."

Hii ilisemwa na mwongozaji wetu, mtu wa bara, stadi kweli katika kazi yake. Onyesho tulilipanga saa mbili na nusu ili swala ya Isha iwe imekwisha, akalikubali hilo. Alichotaka yeye ni kimya. Alitufundisha kuusikiliza ukimya kama kipimo: ukumbi ukinyamaza, umeushika.

Basi nafika kwenye wimbo wangu mkubwa. Mtoto hajarudi, mashua zote zimeingia, nimepiga magoti na leso kichwani. Ukumbi ukaanza kuitikia, "Ewaa!", kisha nikasikia viatu kwenye ngazi za jukwaa. Bibi mmoja wa makamo, kavaa vizuri, anakuja kwangu bila haraka. Akaninong'oneza, "Usilie sana mwanangu, Mungu yupo," akanitia noti ya mia mbili mkononi, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akashuka. Nyuma yake wakapanda wengine watatu. Pembeni nilimwona mwongozaji ameshika kichwa.

Yeye aliona onyesho limevunjika, na mimi nilijua kwamba nimesikika. Mtu aliyelelewa na taarabu hapandi kutunza ovyo; huchagua ubeti, na ubeti anaouchagua ni kusema mbele ya watu kwamba neno hilo ni langu, au ni lako wewe uliyekaa kule nyuma. Yule bibi aliusubiri ubeti wa mashua. Alikuwa na nani wake baharini, sikumwuliza. Ukimya wa watu wetu, kwa uzoefu wangu, mara nyingi ni wa mtu anayewaza jinsi ya kupata matatu ya kurudi Kisauni.

Tatizo langu lilikuwa dogo kuliko la mwongozaji. Nilikuwa na ubeti mmoja zaidi, mikono yote miwili inatakiwa kuinuliwa kuelekea baharini, na mkononi nina shilingi mia nane. Nikaziinua nazo.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea fundi cherehani vazi langu, akanishonea mfuko.